Ukimwambia Kaa, Umrudie

Jirani yangu hapa Sumbawanga mjini amemletea mbwa wake mwalimu. Usicheke. Kijana mmoja mwenye viatu vyeupe anakuja na pikipiki kila jioni, kafunga kimkoba cha biskuti kiunoni, anasimama katikati ya ua na kumwambia mbwa, "Siti!" Mbwa anakaa. "Stei!" Mbwa anabaki pale pale, masikio juu, macho kwa kijana. Mimi huwa niko upande wangu wa uzio nachambua mchicha, au najifanya nachambua mchicha. Nyumba yangu ni kimya, na mtu anayeishi peke yake hatimaye anakuwa mtaalamu wa mambo ya wenzake.

Ninakotoka mimi ni Mollo, si mbali na hapa. Huko, nilipokuwa mdogo, mbwa alijua maneno mawili tu: "Toka!" na "Kamata!" La kwanza aliambiwa yeye, la pili aliambiwa kuhusu wengine, na kati ya hayo mawili alijipangia maisha yake mwenyewe. Kumfundisha mbwa kukaa kungeonekana sawa na kumfundisha kuku kuchakura. Ila mbwa wangu mimi alifundishwa, tena akafundishika, na wiki hizi kila nikisikia lile "Stei!" la kijana wa viatu vyeupe, narudi kwenye mlango wa jiko la bibi yangu.

Mama aliniacha pale wakati wa baridi. Kama umewahi kukaa Ufipa unaijua baridi yetu ya katikati ya mwaka, pale upepo unapotembea juu ya nyasi kavu bila mti wa kuuzuia, na watu wanasalimiana wakiwa wamejifunika mablanketi asubuhi nzima. Mlangoni mwa jiko palikuwa na jiwe la zamani la kusagia ulezi, limechakaa katikati hadi likawa kama bakuli, na bibi alikuwa amelifanya kiti. Mama alinikalisha juu ya jiwe lile, akanifunga vizuri sweta, akasema, "Kaa hapa na bibi. Usisumbue. Nakuja." Kisha akachukua mfuko wake akaenda barabarani kupanda gari la Tunduma, mji wa mpakani, kutafuta maisha. Mtu anayeondoka kwetu husema nakuja. Mtu mzima hulielewa neno hilo kwa namna yake. Mtoto hulichukua kama lilivyo.

Nilikaa juu ya jiwe mpaka uji wa ulezi uliponipoa mkononi. Siku zilizofuata niliendelea kukaa pale kila nilipomaliza kazi. Bibi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na mashamba yake ya mahindi na maharage, matuta yake ya duara ambamo alifukia nyasi ili zioze ziwe mbolea, kuku wake, na rozari yake mfukoni mwa aproni. Alinipenda, hilo sina shaka nalo, lakini alinipenda kwa kunipa kazi. Nilichota maji, nilipembua maharage, nilifukuza kuku kwenye ulezi ulioanikwa. Watoto wa jirani walikuwa na kaka zao na dada zao, na jioni kila mmoja aliitwa kwao kwa jina. Mimi nilikuwa nimeshafika nyumbani kabla ya kuitwa, kwa hiyo hakuna aliyeniita.

Kisimani wanawake walisema mama yangu hatarudi. Walisema polepole, lakini kisima kina mwangwi. Ndipo kicheche alipoanza kuiba vifaranga, na bibi akaenda kuomba mtoto wa mbwa kwa mfugaji aliyeishi pembeni ya kijiji. Alirudi naye ndani ya kikapu, wa rangi ya ugali wa ulezi, tumbo kubwa, miguu ya mbele haijaamua iende wapi. Kwetu mbwa hupewa jina la kuwaambia majirani lile usiloweza kuwaambia usoni. Bibi alimwita Mtachoka. Wanawake walipopita na ndoo zao, bibi alisimama uani na kuita kwa sauti ya kanisani, "Mtachokaaa!" Kisha akaingia ndani akiwa ameridhika kabisa, na mbwa akabaki anashangaa ameitiwa nini.

Alipaswa kulinda kuku, lakini alinilinda mimi. Alilala miguuni pangu pale kwenye jiwe, na kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke nilikuwa na mgongo wenye joto wa kuwekea miguu. Nikienda kisimani yupo. Nikienda shule anaishia kwenye mfereji, anageuka. Jumapili tu ndiyo hakukubali kugeuka.

Kanisa la kigango chetu lilikuwa la matofali ya kuchoma, mlango wake haufungi vizuri. Mtachoka aliingia wakati katekista anasoma. Alipita katikati, taratibu, akiwanusa watu viatu, akafika mbele kabisa, akajinyoosha chini ya meza ya altare na kupiga mwayo ambao hata wazee wa nyuma waliusikia. Watoto walikufa kwa kicheko, isipokuwa mimi. Katekista alifunga kitabu kwa kidole na kuuliza mbwa huyu ni wa nani, na kanisa zima likamtazama bibi, aliyekuwa anatazama dari. Jumapili iliyofuata tulimfunga kamba, akaitafuna akaja nayo shingoni. Iliyofuata tulimfungia jikoni, akala mboga yote, akatokea dirishani, akaja akinuka dagaa.

"Akiingia tena," bibi aliniambia njiani kurudi, "atarudi kwa aliyemzaa." Bibi akisema jambo kwa Kiswahili ujue limeshapitishwa. Ugomvi wa kawaida aliufanya kwa Kifipa.

Usiku huo sikula. Kesho yake, badala ya kucheza baada ya shule, nilienda mwenyewe kwa mfugaji.

Familia ile ilikuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na kijiji kiliwaangalia kwa jicho la pembeni, maana ng'ombe hajui mpaka wa shamba. Mimi niliwahi kuona jambo moja kwao ambalo sikulisahau. Mzee alikuwa anashuka mtoni, na mbwa wake wawili aliwaacha wamekaa juu ya kilima karibu na ndama. Hakuwafunga. Walikaa wakiangalia njia aliyoshukia mpaka kichwa chake kilipoonekana tena. Siku hiyo nilimkuta anarekebisha zizi. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza habari za altare, naye akacheka mpaka akaegemea mti wa zizi.

"Huyo ni mtoto wa yule mbwa jike wetu mkubwa," akasema. "Damu ya kufuata. Hapo kosa si lake. Nani alimwambia abaki?"

Nikamwambia hakuna.

Basi akanifundisha, akiwa anaendelea kufunga fito zake, bila kujifanya mwalimu. Alisema nichukue ukoko wa ugali, si nyama, maana nyama inamtia wazimu. Nimwinulie ukoko juu ya pua, atakaa mwenyewe akiufuata kwa macho. Hapo nimwambie kaa, mara moja, kwa sauti ya kawaida, maana mbwa si kiziwi. Nikimwita, nimpe kitu, hata kama ni mkono tu. Nisimwite kamwe ili nimpige. Akikosa nimfuate alipo, lakini jina lake lisiwe fimbo. Haya yote niliyaelewa. La mwisho alilisema akiwa ameacha kazi, ananitazama.

"Ukimwambia kaa, umrudie. Wewe mwenyewe. Usisimame mbali ukamwita, wala usimtume mtu. Umrudie pale pale ulipomwacha, ndipo umwambie haya, nenda. Mbwa hachoshwi na kukaa, mwanangu. Anachoshwa na kutojua."

Nilirudi nyumbani na maneno yale nikiyabeba kwa uangalifu.

Tulijifunzia nyuma ya jiko, upepo ukitupigia vumbi machoni. Bibi alipita na ungo wake akacheka kwa pua. Alisema mbwa anakaa hata asipofundishwa, na huyu wa kwetu sasa anafundishwa Kiswahili kama mtumishi wa serikali. Lakini ukoko hakuutupa tena. Nikaanza kuukuta umewekwa pembeni ya chungu, umefunikwa kwa sahani. Mwanzoni Mtachoka alikaa muda wa kupepesa jicho. Halafu akakaa nikifika kwenye banda la kuku na kurudi. Halafu nikapotelea nyuma ya nyumba, nikachungulia kwenye kona, nikamwona anatetemeka kwa hamu, mkia unafagia vumbi, lakini makalio yapo chini. Nikamrudia. "Haya!" Alinirukia kama nimetoka safari ya Kasanga, kule ziwani.

Nilipenda kumrudia. Nitakuambia ukweli, sehemu ile niliipenda kuliko zote. Nilikuwa nikimwacha kwa makusudi tu ili nipate kurudi, nione jinsi uso wa anayesubiri unavyobadilika.

Siku ya mtihani ilinyesha. Mvua za kwetu zikishaanza haziulizi ratiba ya misa. Nilimkalisha chini ya mkaratusi ulio nje ya kanisa, nikaingia, na sala zote za siku ile sikusikia hata moja. Nilisikia bati tu. Nilimwona bibi naye akigeuza kichwa kidogo kuelekea mlangoni kila ngurumo ilipopiga. Hakuna mbwa aliyeingia. Tulipotoka watu walisimama kwenye baraza kusalimiana kwa makofi ya heshima, kama ilivyo kwetu, mimi nikapita katikati yao nikikimbia. Alikuwa pale pale, manyoya yamemlalia mwilini, mdogo kuliko nilivyomwacha, anaangalia mlango. "Haya," nikamwambia. Katekista alisema nyuma yetu kwamba laiti waumini wake nao wangetulia hivyo. Bibi alijibu kwamba waumini hawapewi ukoko. Kuanzia hapo suala la kumrudisha kwa mfugaji halikutajwa tena.

Mwaka ukazunguka. Baridi ilikuwa inarudi, tunavuna ulezi. Tulikata masuke kwa visu vidogo, tukapiga kwa fimbo, tukapepeta. Bibi alikuwa akiniambia, nikilalamikia upepo, "Huo unaoulaumu ndio unaokupepetea chakula." Ni wakati huo ndipo habari za mama zilipofika, kupitia simu ya mwalimu wetu. Simu ile ilishika mtandao juu ya kichuguu kimoja tu, nyuma ya shule. Mama alikuwa amepata chumba Tunduma na biashara ndogo. Alisema nipandishwe gari na mama wa duka, ambaye alikuwa anakwenda kufuata bidhaa. Angenipokea stendi.

Bibi alinifungia nguo zangu kwenye mfuko, akaniogesha kwa maji ya moto, akanipaka mafuta mpaka nikang'aa. Mama wa duka alikuja asubuhi na kikapu chake. Na mimi nikaenda nikakaa juu ya jiwe.

"Simama, tunachelewa," bibi akasema.

"Siendi."

"Hutaki kwenda kwa mama yako?"

"Nataka."

Hapo ndipo walipochanganyikiwa, na siwalaumu. Nilitaka kuliko kitu chochote duniani. Nilikuwa nimetaka mwaka mzima, kwenye jiwe lile lile. Lakini yeye ndiye aliyeniambia nikae, na mzee wa zizi alikuwa ameniambia jinsi mambo haya yanavyokwenda. Nikasema, huku nalia, "Aje mwenyewe. Aliniambia nikae hapa. Anirudie hapa."

Bibi alinifokea kwa Kifipa, kwa kirefu. Mwisho akaniuliza kwa Kiswahili, "Kwani wewe ni mbwa?" Mtachoka alikuwa amekuja kukaa karibu na mguu wangu bila kuambiwa, na sote wawili tukamtazama bibi. Hakurudia swali lile. Mama wa duka alitazama jua, akatikisa kichwa, akaenda zake. Bibi alisimama uani kwa muda mrefu, mikono imeshika kiuno, anatazama barabara iliyomchukua binti yake. Kisha akajifunga kanga akaelekea shuleni, kwenye kichuguu.

Sijui waliongea nini. Alirudi akasema tu, "Nimemwambia," akaendelea kupepeta. Ile ndiyo ilikuwa hofu yangu kubwa ya utoto, wala sijapata nyingine ya kuifikia: kwamba mama aweza kusema basi, kama hataki, aendelee kukaa. Kisimani walisema nimekataa bahati yangu. Ulezi ulijaa ghalani. Kila jioni nilikaa na mbwa wangu tukitazama upande wa barabara, na kila jioni bibi alisema, "Ingieni ndani, baridi."

Mtachoka ndiye aliyembwekea kwanza. Mwanamke alikuwa anakuja kwenye njia ya shamba, mfuko kichwani, sweta jipya, amekonda. Miguu yangu ilitaka kukimbia, nikaishika magoti kwa mikono miwili. Alipita kwa bibi, akapiga goti akamwamkia, halafu akaja mpaka kwenye jiwe. Akachuchumaa mbele yangu. Alinukia sabuni ya dukani na vumbi la safari. Mpaka leo sijui kama bibi alimfundisha neno la kusema au lilimtoka tu.

"Haya, mama," akaniambia, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Nimekuja. Simama."

Nikasimama.

Chumba cha Tunduma hakikuwa na nafasi ya mbwa. Hilo niliambiwa kesho yake, na nililia kilio kingine, lakini mzee mfugaji alikuja na ng'ombe wake asubuhi ile kama aliyeitwa, nafikiri bibi alimwita kweli. Alisema atamchukua. Alisema pia, "Usimwache amekaa. Ukimwacha amekaa, atakaa." Kwa hiyo nilimkalisha Mtachoka mara ya mwisho, nikaenda mpaka kwenye banda la kuku, nikamrudia. Nikamshika masikio yote mawili. "Haya," nikasema. "Nenda." Ng'ombe walikuwa wameshaanza kutembea, mbwa wenzake wamewazunguka, naye akaruka akaenda. Nilitarajia ageuke. Hakugeuka. Nilikuwa nimemfundisha vizuri mno.

Tukamuaga bibi. Alikuwa amekaa juu ya jiwe lake, miguu imenyooka mbele, ungo wa maharage mapajani. Nilimkumbatia shingo, nikasema anachosema kila mtu anayeondoka, "Bibi, kaa salama. Nakuja."

Akanisukuma kidogo nyuma ili aone uso wangu. "We mtoto," akasema. "Mbwa umemwachia, mimi unanikalisha?"

Mama alicheka. Bibi hakucheka. Alisubiri, mikono juu ya ungo, akinitazama kama Mtachoka alivyonitazama chini ya mkaratusi kwenye mvua. Ndipo nikaelewa kwamba aliyekuwa amekaa pale kwenye jiwe mwaka mzima sikuwa mimi peke yangu.

"Haya, bibi," nikasema.

Akaweka ungo chini, akasimama, akachukua jembe lake ukutani na kwenda shambani. Naye hakugeuka.

Bibi alifariki nikiwa chuoni. Mimi nilirudi Rukwa kikazi baada ya hapo, na watu husema nina bahati ya kufanya kazi nyumbani. Nilikwenda Mollo. Jiko halipo, jiwe lilichukuliwa na mtu aliyejenga msingi, na kichuguu cha shuleni kimesawazishwa, maana siku hizi mtandao uko kila mahali. Mfugaji alihama na ng'ombe wake kuelekea bondeni, na Mtachoka, waliniambia, alihama nao akiwa mzee. Mama yuko Tunduma. Hunipigia Jumapili na kuniuliza nakuja lini, nami humwambia nakuja, na sote wawili tumeshakuwa watu wazima.

Juzi kijana wa viatu vyeupe alimwambia mbwa stei, mara simu yake ikaita. Akatoka nje ya geti kuongea. Akaongea, akacheka, akawasha pikipiki, akaondoka. Mbwa alibaki katikati ya ua anaangalia geti. Jua likaanza kushuka na upepo wetu ukaanza. Mwishowe niliweka mchicha chini, nikaenda kwenye uzio, nikamwambia kwa sauti ya kawaida, "Haya."

Aligeuza kichwa, akanitazama kwa adabu. Kisha akageukia geti, akaendelea kukaa. Halikuwa neno lake, wala mimi sikuwa mtu wake. Nikaleta kigoda, nikakaa upande wangu wa uzio, tukaangalia geti pamoja mpaka kijana mwenyewe alipokumbuka kurudi.